Kona ya Kinga: Kompyuta inajuaje kama chanjo imeshika?

Habari zenu wasomaji wangu. Mwezi uliopita niligusia kidogo tu kuhusu watu wanaosoma kinga ya mwili kwa kutumia kompyuta, jamani meseji zilizokuja sijawahi kuona, wengine mmeuliza kwa upole na wengine mmeuliza kwa hasira kabisa, zote nimezisoma. Nimechagua tano. Majina nimeyaacha, nimeweka mtaa tu.

SWALI: Dada habari za kazi. Mwanangu wa darasa la sita kaja na taarifa ya shule kuhusu chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, sindano moja tu bas. Dada yake mkubwa alichoma mbili. Nauliza, wamepunguza sababu hela imeisha? Na nani aliyekaa akasema moja inatosha? (Mama wa watatu, Tabata)

JIBU: Mama wa watatu, swali lako ni la haki, na hata nesi akija shuleni muulize hivyohivyo. Sitakuficha, sindano moja inarahisisha mambo, chanjo inawafikia mabinti wengi zaidi, ila hiyo peke yake isingetosha kuipitisha. Kazi kubwa ya kuonyesha kuwa moja inatosha imefanyika hapahapa kwetu, Mwanza. Walichukuliwa mabinti 930 wa miaka 9 hadi 14, wakagawanywa kwa bahati nasibu, wengine dozi moja, wengine mbili, wengine tatu. Baada ya miaka miwili, kwa wale wa dozi moja, zaidi ya asilimia 97 walikuwa na kingamwili (protini za damu zinazokamata kirusi) za HPV, kirusi kinacholeta saratani hii, aina ya 16 ambayo ndio mkorofi mkuu. Sasa hapo kuna jambo ambalo watu hawapendi kulisema na mimi nalisema: kiwango cha kingamwili kwa dozi moja kilikuwa chini kuliko kwa dozi mbili. Ila kilitulia pale, hakikuendelea kuporomoka.

Kwahiyo swali likawa, hicho kiwango cha chini kinatosha kukinga? Huwezi kusubiri mabinti waugue saratani ndo ujue, inachukua miaka mingi mno. Hapo ndo watu wa hesabu wakajenga daraja. Kenya kulikuwa na utafiti mwingine wa wasichana 2,275 wa miaka 15 hadi 20, na kule ilishaonekana kwa macho kuwa dozi moja inazuia maambukizi ya aina 16 na 18 kwa zaidi ya asilimia 97 ndani ya miezi 18. Damu za pande zote mbili zikapimwa kwa kipimo kilekile, viwango vikalinganishwa, wa Mwanza hawakuwa chini ya wa Kenya. Bas, kama wa Kenya walikingika na wa Mwanza wako levo moja nao, una sababu nzuri ya kuamini. Shirika la Afya Duniani likaikubali dozi moja Desemba 2022, sisi tukahamia huko 2024. Ila mama, kama kuna binti nyumbani anaishi na VVU au kinga yake ina shida, mwambie nesi, yeye anahitaji zaidi ya moja.

SWALI: Mimi niliugua dengue 2014 nikalazwa karibu nife. Jirani yangu ananiambia nishukuru mana sasa nina kinga, siwezi kuugua tena maisha. Ni kweli? (Mwananyamala)

JIBU: Pole sana kwa yaliyokupata. Jirani yako kasema nusu ya ukweli, na kwa dengue nusu ya ukweli ni hatari, ndo mana nitakaa hapa kidogo.

Dengue ni virusi vinne, vinafanana kama ndugu wa tumbo moja ila sio mtu mmoja. Mlipuko wa 2014 hapa Dar ulikuwa wa aina ya 2. Wa 2019, vinasaba viliposomwa vikaonyesha aina ya 1. Wewe una kinga ya ile iliyokulaza, na hiyo inakaa miaka na miaka. Kwa zile nyingine kingamwili zako zinashika nusunusu, zinakikamata kirusi bila kukimaliza, alafu kuna chembe nyeupe ambazo zikiona kitu kimeshikwa na kingamwili zinakimeza, sasa kirusi kikiwa bado kizima ndani kinaanza kuzaliana humohumo kwenye askari aliyekuja kukikamata. Kwahiyo ukipata mara ya pili kwa aina nyingine, uwezekano wa kuugua vibaya unapanda. Wengi wanapona vizuri hata mara ya pili, usiogope usiku ukakosa usingizi, ila ukipata homa kali usiseme mimi nilishapata hii.

Jambo hili liliwahi kuwaponza watu wengi. Ufilipino walianza 2016 kuchanja watoto wa shule kwa chanjo ya dengue inaitwa Dengvaxia, zaidi ya watoto laki 8. Novemba 2017 kampuni ya Sanofi iliyoitengeneza ikatangaza kuwa kwa mtoto ambaye hajawahi kuambukizwa dengue kabisa, chanjo inaweza kumwongezea hatari, yaani mwili unaichukulia kama ndo dengue ya kwanza, ikija ya kweli inakuwa kama ya pili. Kwa aliyewahi kuambukizwa, chanjo ilisaidia. Uchungu wa wazazi wale naweza kuuelewa.

Walivyoigundua tofauti hiyo ndo sehemu ninayoipenda kuieleza. Kwenye majaribio, damu ya kabla ya kuchanjwa ilichukuliwa kwa sehemu ndogo tu ya watoto. Hao wengine utajuaje kama waliwahi kuambukizwa? Damu ya mwezi wa 13 tangu sindano ya kwanza ilikuwepo kwa wote, ila mwezi wa 13 mtoto ameshachanjwa, kingamwili za chanjo na za mbu zimechanganyika humohumo. Kilichowaokoa ni jinsi chanjo ilivyojengwa: ndani ni kirusi cha chanjo ya homa ya manjano, nje kimevalishwa koti la dengue. Kuna protini inaitwa NS1 ambayo sio ya koti, kwenye chanjo ile ilikuwa ya homa ya manjano. Kwahiyo ukikuta kingamwili za NS1 ya dengue kwenye damu ya mtoto, hakuzipata kwenye sindano, alizipata kwa mbu. Lakini kabla ya chanjo au kwenye ile miezi 13 ya katikati? Hapo zikaingia takwimu nzito, kompyuta ikakadiria hali ya kila mtoto ya mwanzo, ikarudia makadirio tena na tena ili kuona kama jibu linabaki palepale. Likabaki.

Na kwako wewe: homa ikija tumia paracetamol tu, usimeze aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni mpaka upimwe, mana hizo zinaweza kuongeza kutokwa damu. Na siku homa inaposhuka ndo uwe macho zaidi, tumbo likiuma sana, ukitapika mfululizo au fizi zikitoa damu wahi hospitali hata kama ni usiku.

SWALI: Shikamoo dada. Nimemaliza digrii ya mambo ya kompyuta, sasa hivi naendesha bajaji Ubungo. Niliposoma makala yako nikashangaa, kompyuta inaionaje kinga ya mtu? Na mtu kama mimi ambaye baiolojia niliiacha kidato cha nne naweza kuingia? (Kijana wa bajaji)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kutokaa bure. Hili jibu litakuwa refu, lisome ukiwa kijiweni unasubiri abiria.

Unazijua steshenari za karibu na chuo. Wanafunzi wote wana kitabu kilekile, ila ukisimama pale ukahesabu ni kurasa zipi zinatolewa fotokopi wiki hii, unajua kabisa mtihani unaokuja ni wa nini. Seli zako ni hivyohivyo. Karibu zote zina kitabu kimoja cha vinasaba, jeni kama elfu 20 za kutengeneza protini, ila kila seli inatoa fotokopi kurasa zake kulingana na kazi iliyopo, na hizo fotokopi ndo RNA. Ukichukua damu ya mtu kabla ya chanjo, ukachukua tena siku ya 3, ya 7, mashine inasoma hizo fotokopi mamilioni kwa mamilioni, na wewe wa kompyuta unabaki na jedwali kubwa, jeni elfu 20 upande mmoja, watu na siku zao upande wa pili, namba tupu. Hapo baiolojia imekukuta nyumbani kwako.

Mfano uliofungua njia ulitoka 2009, chuo kikuu cha Emory kule Atlanta, timu ya Bali Pulendran. Waliwachanja watu wachache, idadi yao haifiki 30, chanjo ya homa ya manjano, wakasoma fotokopi za seli za damu ndani ya wiki ya kwanza, wakaiuliza kompyuta swali moja: kwa kuangalia wiki hii tu, unaweza kusema nani atatengeneza kingamwili nyingi wiki kadhaa mbele? Ikaweza. Jeni moja iliyojitokeza sana ni TNFRSF17, ambayo kweli ina kazi kwenye seli zinazotengeneza kingamwili. Na jambo la heshima walilofanya, kompyuta ilijifunza kwa kundi moja ikapimwa kwa kundi jingine ambalo haijawahi kuliona.

Hilo la kundi la pili lishike sana. Ukipima jeni elfu 20 kwa kile kipimo cha kawaida cha asilimia 5, yaani unakubali kudanganywa na bahati mara 5 kwa kila 100, hata kama chanjo haijafanya kitu chochote utapata kama jeni 1,000 zinazoonekana zimebadilika. Ni kama mikeka ya kubeti, watu elfu 20 wakiweka lazima kuna ambao watapatia timu zote, na utasikia mtaani fulani ni mtabiri. Mwambie aweke mkeka mwingine wiki ijayo. Watafiti wengi wazuri wamedanganywa na mkeka wa kwanza, na wewe ambaye umesoma hesabu ndo unatakiwa uwe mgumu kuliko wote mezani.

Alafu kuna upande wa kingamwili zenyewe. Kinga inajuaje kumkamata kirusi ambaye hajawahi kuonekana? Angalia namba za magari, T alafu tarakimu tatu alafu herufi tatu, vitu vichache tu lakini vinatosha mamilioni ya magari. Seli B, zile zinazotengeneza kingamwili, zinafanya hivyo kwa vipande vya jeni, kwa mnyororo mzito, yaani ile sehemu kubwa ya kingamwili, kuna vipande V kama 40, D 23, J 6, kila seli inachagua kimoja kimoja inaviunga, na kwenye maungio inaongeza na kupunguza herufi ovyoovyo. Susumu Tonegawa alipewa Nobel 1987 kwa kuonyesha jinsi jeni hizi zinavyoungwa. Siku hizi tunazisoma namba hizo kwa maelfu kutoka kwenye damu ya mtu mmoja, na kompyuta inachora ukoo, hii ni bibi, huyu mjukuu, huyu kabadilika herufi mbili akawa mkali zaidi.

Kwenye chanjo ya VVU ndo kazi hiyo inanipa moyo. Miaka mingi tumejaribu, hapa Dar askari polisi walijitolea kwenye majaribio ya chanjo ya VVU zaidi ya miaka 15 iliyopita, watu wa kuheshimiwa sana wale. Chanjo mpaka leo hatuna. Ila kuna njia mpya, protini iliyobuniwa kwa kompyuta makusudi iamshe seli B adimu ambazo zikilelewa zinaweza kuja kutoa kingamwili za kushika aina nyingi za VVU. Adimu kweli, kama kutafuta bajaji moja Dar nzima. Jaribio la kwanza Marekani, watu 35 kati ya 36 seli hizo ziliamka, na ilijulikana kwa kusoma zile namba za seli mojamoja. Baadae wakajaribu Rwanda na Afrika Kusini ili kuona kama kwa Waafrika nako zinaamka, zikaamka. Kuamka bado sio kukinga, safari ni ndefu, ila naona walifanya la maana kutokubali majibu ya Marekani yatuwakilishe sisi bila kuulizwa.

Na hili ndilo nililotaka ulisikie kuliko yote. Kompyuta inajua ilichoonyeshwa, bas. Chanjo ileile ya homa ya manjano walipowachanja watu wa Lausanne Uswisi na watu wa Entebbe Uganda, wa Entebbe kinga yao haikupanda kama ya wenzao, kwasababu hata kabla ya chanjo seli zao zilikuwa tayari ziko kwenye vurugu, zimeamshwa na maisha na maambukizi ya kila siku. Na usifikiri Afrika ni moja. Kilimanjaro walipima watu wazima 323 wasio na ugonjwa, wa mjini na wa kijijini, wakakuta damu ya wa mjini imekaa kwenye hali ya uvimbe wa ndani, yaani kinga imechemka bila ugonjwa, kuliko ya kijijini, na chakula kina mkono wake hapo. Wakaja na jaribio la vijana wa kiume 77, wa kijijini wakala vyakula vya kizungu wiki mbili, wa mjini wakala vya asili vya Kichaga, na kuna waliopewa mbege wiki moja. Wiki mbili tu na damu ilishabadilika! Waliohamia chipsi na soseji uvimbe ulipanda na seli zikawa dhaifu kujibu vijidudu, waliohamia vya asili na wale wa mbege uvimbe ukashuka. (Sijasema ukanywe mbege, unaendesha chombo.) Sasa niambie, programu iliyofundishwa kwa damu ya Atlanta itajua nini kuhusu mtu wa Mbagala anayekula chipsi mayai usiku na aliyeugua malaria mwaka juzi? Lazima damu zetu ziwemo, na lazima watu wa kuzisoma wawe wetu pia, mana kijana wa hapa akiona kitu cha ajabu kwenye data ya mwezi wa nne atakumbuka kuwa ni masika, wa mbali atadhani ni kosa la mashine.

Kuhusu kuanza: lugha ya kompyuta ya Python unayo, ongeza ya R mana watu wa jeni wengi wako huko. Takwimu rudia kwa kina, usiruke. Kinga ya mwili soma kitabu kimoja cha mwanzo polepole. Data za bure zipo kwenye hifadhi za mtandaoni, ingia GEO, ImmPort, IEDB, pakua usiku bando likiwa rahisi, chukua utafiti mmoja uliokwisha kuchapishwa ujaribu kupata majibu waliyopata wao. Laptopu yako ikiwa dhaifu tumia Galaxy, inafanya kazi kwenye brauza, mzigo unabebwa na mashine za kwao. Ukishakuwa na kazi mbili tatu za kuonyesha, nenda Muhimbili pale chuoni, andikia na taasisi ya afya ya Ifakara, wana kituo Bagamoyo, omba kujitolea hata miezi mitatu. Usingoje tangazo la kazi lenye jina la fani hii.

SWALI: Mwanangu, hapa kijiweni mtu katwambia chanjo za Korona za mRNA ziliandikwa na kompyuta, kwahiyo ukichomwa kompyuta inaingia mwilini na kubadili vinasaba. Sisi wazee tuseme nini? (Kijiwe cha kahawa, Kariakoo)

JIBU: Shikamooni wazee wangu. Ni kweli kompyuta ilitumika. Herufi za kirusi kile, kama elfu 30, ziliwekwa wazi dunia nzima Januari 2020, na Machi 16 mtu wa kwanza akachomwa chanjo ya majaribio kule Seattle, haraka hivyo kwasababu ile protini ya miiba ilishasomwa miaka ya nyuma kwa ndugu yake kirusi cha MERS. Ila wazee, barua iliyopigwa taipureta ikifika nyumbani kwako, taipureta haiji nayo. mRNA ni barua, seli inaisoma, inatengeneza protini, barua inaoza ndani ya siku chache, na kwenye kiini cha seli ambako vinasaba vinakaa haiingii.

SWALI: Mimi ni nesi Temeke, tunasaidia utafiti fulani wa chanjo. Kuna kijana wa data anapiga simu kila siku, "sista damu ya namba fulani ilitoka saa ngapi, iliingia friji saa ngapi". Tuna wagonjwa foleni mpaka nje. Hivi hayo madakika yana kazi gani? (Sista)

JIBU: Sista, najua mlivyo na kazi na najua hakuna anayewalipa kwa kuandika saa. Ila nisikilize kwa hili.

Damu ikishatoka mwilini haijafa. Zile seli zinaendelea kutoa fotokopi, tena zinahisi joto, zinahisi zimetolewa nyumbani, zinaanza kulia hatari. Chupa iliyokaa masaa manne dirishani mwezi wa pili ukiisoma inaweza kufanana na damu ya mtu mwenye homa. Mimi na kompyuta yangu hatuwezi kutofautisha kama hukuniandikia.

Nikwambie kilichonikuta. Kwenye maabara moja niliyowahi kufanya kazi nilipata picha nzuri ajabu, waliochanjwa upande huu, kabla ya chanjo upande ule, hawagusani kabisa. Wiki mbili nina furaha, nimeshawaonyesha wakubwa. Alafu nikaanza kuangalia jeni zenyewe nikaona hazina uhusiano wowote na kinga. Nikaomba daftari la maabara. Kumbe sampuli zote za kabla zilipitishwa mashine Jumatatu kwa dawa za boksi moja, za baada zote zikapitishwa Alhamisi kwa boksi jingine. Nilichokuwa nakiona ni Jumatatu na Alhamisi. Hakuna hesabu ya kuokoa hapo, mana siku na chanjo vilikuwa vimefungwa pamoja, na damu ilikuwa imeisha. Watu wale walikuja kwa daladala asubuhi wakakunja mikono yao tukawachoma, na hatukupata kitu. Nililia kwa kweli.

Wangechanganya nusu kwa nusu kila siku tungeweza kuitoa ile tofauti. Kwahiyo kijana akipiga tena mpe saa na dakika, na kama boksi la barafu lilikwama kwenye foleni barabara ya Mandela mwandikie pia lilikwama muda gani, sampuli iliyochelewa na ikaandikwa imechelewa naweza kuifanyia hesabu. Na kama mnatumia zile chupa maalumu za kutunza RNA, zile zenye dawa ndani, ukishatoa damu igeuze chupa juu chini taratibu mara 8 hadi 10, usiitikise, dawa isipochanganyika vizuri ile damu ya juu inaendelea na maisha yake kama kawaida.